Mume Wangu Bondia, Kaka Yangu Mdomo Wake

Nina umri wa miaka thelathini na sita. Ni mzaliwa wa Bungoma, Kenya, lakini kwa sasa ninaishi Merrylands, hapa Sydney, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee wasiojiweza. Nina mume na binti mmoja. Ukiniona kanisani Jumapili nimevaa kitenge changu, utasema huyu mama ametulia, mambo yake yamenyooka...

Laiti ungejua! Mimi ni mtu ninayeishi kwa hofu. Kikombe kikianguka jikoni, nashtuka. Mtu akipandisha sauti kwenye treni, macho yangu yanatafuta mlango. Na anayenitia hofu hii si mwizi wala adui. Ni mtu ninayempenda kuliko wote duniani, ukimwondoa mwanangu.

Majina nimeyabadilisha. Mengine yote yalinipata kama nitakavyoyaeleza, nanyi wasomaji wenzangu mtahukumu wenyewe.

Nilikutana na Jairo kwenye kituo cha treni cha Rooty Hill. Jina lake linaandikwa hivyo, ila kwao wanatamka Hairo. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu inawaka moto, nikamwona kijana mweusi, mrefu, ana begi la mazoezi begani. Nikasema moyoni, huyu ni wetu. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama treni ya Parramatta imeshapita.

Akanitazama, akacheka. Akanijibu kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba yeye ni mtu wa Kolombia.

Kolombia! Sikujua hata kama huko kuna watu weusi kama sisi. Akaniambia anatoka Turbo, mji wa pwani uliozungukwa na mashamba ya ndizi, na kwamba nikitembea sokoni kwao hakuna atakayejua kuwa mimi ni mgeni. Treni ikaja, tukapanda pamoja. Tuliongea kwa mikono na kwa vicheko mpaka tukapitiliza Parramatta wote wawili bila kujua.

Jairo alikuwa bondia wa kulipwa. Ngumi alianza akiwa mtoto huko Turbo, akapigana Kolombia nzima, akapigana Panama, na mwishowe akaletwa Sydney amsaidie bingwa mmoja wa hapa kujiandaa kwa pambano. Bingwa alipomaliza haja yake naye, Jairo hakurudi kwao. Alijiandikisha shule ya Kiingereza ili apate visa, jioni anasafisha maofisi, alfajiri anakimbia barabarani. Na alikuwa anashinda! Kwenye zile klabu za magharibi mwa Sydney, ambako watu hukaa mezani wakila chipsi huku wengine wanapigana mbele yao, jina lake lilianza kutajwa.

Tulifunga ndoa. Mungu akatupa binti, tukamwita Luz, maana yake kwa Kihispania ni nuru.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililotuangamiza. Kiingereza kilimshinda Jairo kabisa. Lakini Kiswahili kilimwingia kama maji! Alikisoma kama kinavyoandikwa, irabu zilezile za kwao. Aliishi na mimi, marafiki zetu kanisani ni Wakenya na Wakongomani, na baada ya muda mfupi alikuwa anatania watu, anaagiza maandazi, anasali kwa Kiswahili. Mambo ya nje, ya benki, ya visa, ya hospitali, alimwachia kaka yangu mdogo, Wafula.

Wafula alikuja Sydney kwa masomo, akakaa kwetu. Alipenda ndondi tangu utotoni. Alianza kwa kumbebea Jairo taulo, akaanza kumsemea kwa waandaaji wa mapambano, na hatimaye akaacha kazi yake ya ghala akawa meneja wake rasmi. Nani angeona ubaya? Ni damu yangu!

"Chemeji ndiye mdomo wangu," Jairo alikuwa akisema, huku amemkumbatia. Hakuwahi kuiweza ile *sh*.

Kwenye mapambano nilikwenda mara chache. Televisheni haikuambii mlio wa konde likitua kwenye mfupa. Ni mlio mkavu, kama mtu amepasua ubao. Kila ulipotokea, nilifumba macho, na sikuweza kujua kama aliyepigwa ni wangu au ni wa mwenzangu mpaka nifumbue macho.

Halafu ikaja siku ambayo aliyepigwa alikuwa wangu. Alikuwa anaongoza vizuri. Akakosea kidogo tu, akashusha mkono wa kushoto, na yule mpinzani akampata chini ya sikio. Jairo alianguka kifudifudi. Hakuweka hata mikono chini ajikinge... Alianguka kama gunia. Nilipiga kelele mpaka mtu wa meza ya pili akaniletea maji.

Aliinuka, akanipungia mkono, watu wakashangilia. Lakini wiki zilizofuata kichwa kilimuuma sana, ikabidi apigwe picha ya ubongo hospitalini. Siku ya majibu mimi nilikuwa kazini. Wafula akasema nisihangaike, ataenda naye yeye. Waliporudi niliwakuta sebuleni wanatazama mpira.

"Daktari amesemaje?" nikauliza kabla sijavua viatu.

"Dada, ondoa wasiwasi," Wafula akanijibu. "Ubongo umechoka tu. Apumzike miezi michache, asipande kwenye mapambano, lakini mazoezi aendelee nayo taratibu."

Nikamgeukia Jairo. Akaniinulia kidole gumba. "Chemeji amenieleza yote," akasema. "Kuchoka tu."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikaingia jikoni nikapika kuku na ugali, tukala kama watu wenye sherehe.

Hofu ilianza kuniingia kidogokidogo.

Ninakofanya kazi kuna mzee mmoja aliyepoteza kumbukumbu. Huyo mzee huweka miwani yake ndani ya birika, soksi ndani ya sukari, halafu analia kwamba ameibiwa. Nimezoea, ndiyo kazi yangu. Sasa asubuhi moja nikafungua friji nyumbani kwangu nitoe maziwa... nikakuta kiatu cha Jairo kimewekwa vizuri kando ya mayai!

Nilisimama pale na mlango wa friji wazi, baridi inanipiga miguuni. Nilijua ninachokitazama. Mume wangu alikuwa kijana mwenye misuli, hajafika hata miaka thelathini na mbili. Kwa nini alikuwa anafanya mambo ya mzee wangu wa miaka themanini?

Nikaanza kumchunguza. Alikuwa anaacha jiko likiwaka. Alikuwa anaanza sentensi, anaitafuta katikati, anaiacha. Herufi zilianza kumteleza mdomoni kama mtu aliyekunywa, naye pombe haijui. Na chini ya sikio, palepale, kila siku chache niliona uvimbe mpya.

"Unapigwa?" nikamuuliza.

"Mazoezi mepesi," akasema, akanigeuzia mgongo.

Nikamfuata Wafula. Nikamwambia, "Ndugu yangu, huyu mtu haendi sawa. Nataka nirudi naye kwa daktari, na safari hii niingie mimi."

Akakasirika! Akaniuliza tangu lini kuosha wazee kumenifanya daktari wa ubongo. Akasema nina woga wa kike, namvunja moyo mwanamume ambaye amebakiza hatua moja tu afike juu. Kulikuwa na pambano kubwa linakuja, la mkanda wa ubingwa, nje ya nchi. Wafula alikuwa ameshawapa watu neno lake.

Jioni ile nilimwomba Jairo mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane alinifokea. Alipiga ngumi ukutani karibu na kichwa changu, plasta ikadondoka begani kwangu. Luz akajificha nyuma ya kochi. Jairo akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine... kisha akakaa chini, akalia.

Kuanzia hapo nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, kwamba nitampoteza. Ya pili niliona aibu kuitamka hata kwenye maombi. Nilimwogopa.

Kisha akapotea na mtoto.

Alimchukua Luz mchana kumpeleka bustani hapa karibu, mwendo wa kutembea tu. Saa zikapita. Simu haipokelewi. Nilikimbia bustanini, hakuna mtu. Nikazunguka maduka yote ya Merrylands nikiuliza kila mtu, Mwarabu, Mhindi, Mzungu, mmemwona mwanamume mweusi mrefu na mtoto wa gauni la njano? Jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, alikuja nyuma yangu na kandambili, anaomba kwa sauti barabarani bila kujali nani anamtazama.

Mwishowe simu ikalia. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, anapiga kwa simu ya Jairo. Alikuwa amewakuta wamekaa kwenye benchi la kituo cha Macquarie Fields, mbali kabisa na kwetu, mtoto amechoka kulia. Baba mtu alikuwa ameshindwa kusema anaishi wapi.

Tulipofika, Luz alinirukia shingoni. Yeye Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza. Aliniambia baba alisema wanakwenda kwa bibi Turbo, kwa treni.

Jairo aliinua macho, akanitazama muda mrefu kabla ya kunitambua. Aliponitambua, uso wake uliingiwa na hofu kubwa kuliko yangu. "Nekesa," akaninong'oneza, "nini kimenipata?"

Nilimwahidi kwamba Jumatatu tutakwenda kwa daktari, mimi na yeye peke yetu. Akakubali. Akanishika mkono njia nzima ya kurudi.

Jumatatu haikufika. Jumamosi nilitoka kazini mapema, nikakuta nyumba tupu na begi la mazoezi halipo. Mama Furaha alikuwa na Luz. Akaniambia Wafula amekuja kumchukua Jairo. Sikumbuki jinsi nilivyofika kwenye jimu yao ya ndondi. Nakumbuka mlango mzito wa chuma, harufu ya jasho, na muziki unaopigwa kwa sauti ya juu.

Jairo alikuwa ulingoni. Aliyekuwa naye ni kijana mkubwa, mzito kumzidi, anayejiandaa kwa pambano lake, na mume wangu alikuwa ndiye wa kufanyiwa mazoezi. Mikono ilikuwa imemshuka. Alikuwa anapigwa, kichwa kinaenda nyuma, kinarudi, anapigwa tena. Wafula alikuwa kando ya kamba anapiga makofi.

"Mikono juu, shemeji! Bado moja tu! Moja tu!"

Kwa Kiswahili! Kwa lugha niliyomfundisha mimi kwa mapenzi, kwenye kochi langu.

Nilipiga ukelele. Nilishika kamba nikaanza kupanda vilevile na sare yangu ya kazini. Yule kijana akaacha, akashangaa. Kocha akazima muziki. Jairo akashuka mwenyewe kwa miguu yake, akatabasamu, nikafikiri nimewahi... Akakaa kwenye benchi. Akaweka mkono kichwani.

"Nekesa, kichwa kinanguruma," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kwa Kiswahili.

Alitapika, macho yakageuka, mwili mzima ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Nimeshika wazee wengi wakikata roho, mikono yangu inajua la kufanya. Siku ile mikono ilifanya, lakini mimi mwenyewe nilikuwa mbali, nasikia mtu anapiga kelele ambazo baadaye niliambiwa zilikuwa zangu.

Ambulensi ilikuja. Wakampeleka moja kwa moja kwenye upasuaji. Mimi na Wafula tulikaa kwenye viti vya korido, kati yetu kiti kitupu.

Daktari aliyempasua alitoka, mwanamke wa makamo, amechoka. Alieleza kwamba damu ilikuwa imevujia ubongoni, wameitoa, na sasa ni kusubiri. Kisha akauliza jambo ambalo mpaka leo nalisikia.

"Alikuwa anapigana kwa nini? Alipokuja mara ya kwanza tulimwambia asipigwe tena kichwani maisha yake yote. Tuliona dalili za damu tangu wakati ule. Tulitaka kumwita mkalimani wa Kihispania, tukaambiwa haina haja, yupo ndugu anayemtafsiria. Hakuelewa?"

Nilimgeukia kaka yangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wafula... daktari alisema hivyo?"

Akaufunika uso kwa mikono.

"Alisema maisha yake yote?"

"Dada, ningemwambiaje?" akaanza kulia. "Mtu kama Jairo, umwambie ngumi zimekwisha? Angekufa kwa huzuni! Nilidhani nikimpa muda atapona. Halafu lile pambano likaja, nikawa nimeshawaahidi watu..."

Mtu anaweza kuuawa kwa sentensi moja! Daktari alisema "kamwe". Kaka yangu akatafsiri "taratibu". Na mume wangu akamwamini, kwa sababu alikuwa shemeji yake, kwa sababu alikuwa damu yangu.

Nilimwambia Wafula aondoke. Sikumpiga, sikumtukana. Aliondoka akiburuta miguu, na nilipomtazama mgongo wake niliona namna anavyotembea kama baba yetu marehemu, nikalia upya.

Jairo aliishi. Alipofumbua macho, niliinama nikamwita. Akanijibu kwa Kihispania. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Ni mimi, Nekesa." Akaukunja uso kama mtu anayesikia kelele za redio. Madaktari walieleza kwamba inatokea, lugha alizojifunza ukubwani zimefutika, ile ya mama imebaki. Kiswahili chote kilikwenda. Utani wetu, sala zetu, jina alilozoea kuniita. Mimi nikabaki mgeni mweusi anayeongea asichokielewa.

Nilimrudisha nyumbani. Wenzangu kazini walinionya, nikasema mume ni wangu. Kila jioni Luz na mimi tulijifunza Kihispania kwenye simu, yeye akanipita mbali. Siku nyingine Jairo alinitambua, akanisogezea kiti nikae. Siku nyingine aliniona mwizi.

Asubuhi moja nilikuwa namvalisha shati. Nikapitisha mkono wangu karibu na uso wake haraka mno. Mwili wake ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni. Nilijikuta sakafuni, damu mdomoni, yeye amesimama juu yangu ngumi zimekunjwa, macho hayanijui kabisa! Luz alikuwa mlangoni na bakuli lake la uji.

Sikuthubutu kupumua. Nilifikiri, nikisogea ananiua. Nilifikiri, mtoto akisogea anamuua. Aliyetuokoa ni Mama Furaha, aliyesikia kishindo akaanza kubamiza mlango kwa sufuria na kuita jina langu. Jairo akageuka kwenye ile sauti, ngumi zikalegea, nikamnyakua Luz tukatoka pekupeku.

Leo Jairo anaishi kwenye nyumba ya uangalizi, pamoja na wengine wenye majeraha ya ubongo, na wahudumu wanaojua kazi yao. Mama yangu hupiga simu kutoka Bungoma, ananisihi nimsamehe Wafula, anasema mtoto wangu atakosa mjomba. Nimemwambia kusamehe naomba kila siku. Lakini kumpa mtu wangu amsemee tena, hapana.

Jumapili iliyopita tulikwenda kumwona. Ilikuwa siku nzuri, alitutambua wote. Luz alikaa karibu naye, anamsimulia shule kwa Kihispania, na Jairo akainua mkono ghafla ili amsogezee nywele usoni.

Nilimvuta mtoto. Sikufikiri. Nilimvuta kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka.

Jairo alibaki na mkono hewani. Alinitazama, na nikaona kwamba ameelewa. Hakuna aliyemtafsiria. Akaushusha polepole, akaingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia. Alikaa hivyo mpaka tukaondoka. Luz alipomlisha keki, alifungua mdomo tu.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Mpendwa wako akiitwa na daktari, ingia naye. Omba ruhusa kazini, wakikunyima ingia vilevile. Hospitali za hapa zina wakalimani, omba mmoja asiye ndugu, asiye rafiki, asiye na lolote la kupoteza ukweli ukisemwa. Na ukiona kiatu kwenye friji, usikubali mtu yeyote akwambie kwamba ni woga wako tu.

Na wewe unayesoma haya ukijua kuna neno la daktari ulilolibadilisha ili usimuumize mtu, au ili mambo yako yaende... mpigie sasa hivi. Mwambie lilivyosemwa. Bado anakuelewa.